Padri wa Wanahewa

Katika miaka yote ambayo Khavere aliishi mtaa wa Maringo, Nairobi, hakuna mkwe aliyewahi kuvuka pazia lililokitenga kitanda chake na sehemu nyingine ya nyumba, na lau si Jumapili ile ya Agosti mwaka wa themanini na mbili, pengine hakuna ambaye angelivuka. Muasya alilivuka kwa tumbo.

Aliingia alasiri, miguu mitupu, fulana imechanika begani, amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa gunia. Hakubisha hodi. Khavere alikuwa ameketi kwenye kigoda akimwosha mjukuu wake ndani ya karai. Alipoinua macho na kumwona mume wa binti yake amesimama pale katika hali ile, alifanya ambalo mama yeyote wa Kimaragoli angelifanya: alijifunika uso kwa leso. Alipojifunua hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa likitikisika, na chini ya kitanda cha chuma mlisikika mtu akihema kama mbwa aliyefukuzwa soko zima.

"Mama, nisamehe," sauti ilisema.

Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Ndivyo ilivyo Maragoli, na ndivyo ilivyo Ukambani alikotoka Muasya. Tangu siku ya posa walikuwa wamesalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama upande wake.

"Mirriam," alimwita binti yake, aliyekuwa amelala kwenye godoro karibu na mlango, mzazi mchanga aliyetoka hospitali ya Pumwani juzi juzi. "Muulize mumeo amefunga nini ndani ya gunia."

"Mama anauliza umefunga nini ndani ya gunia."

"Mwambie Mama ni bunduki."

Khavere alimwinua mtoto kutoka karaini, povu la sabuni lingali kichwani.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mchana redio ile ile ikatangaza kwamba serikali iko imara, na kwamba waasi wa Jeshi la Wanahewa wanasakwa popote walipo. Tangu hapo risasi zilikuwa zikilia upande wa Eastleigh, mara nyingi, mara moja moja, kama mahindi yanayokaangwa na mtu asiye na haraka. Muasya alikuwa mwanahewa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza redio za ndege, na bunduki aliishika siku za gwaride tu.

"Muulize kama ameua mtu," Khavere alisema.

"Mama, yeye anakusikia. Si mnaweza kuongea wenyewe?"

"Muulize!"

"Sijaua, Mama," sauti ilijibu kutoka chini, bila kungoja mkalimani. "Tulikuwa tumelala. Wenzetu walituamsha kwa mateke, wakatugawia bunduki, wakasema asiyetaka atangulie yeye kufa. Mimi niliwekwa langoni. Nililinda lango. Jeshi la nchi kavu lilipofika, nikakimbia."

"Sasa kwa nini hukuitupa hiyo takataka njiani?"

Ilikuwa mara ya kwanza Khavere kumsemesha mkwe wake moja kwa moja, na alipogundua aliuma mdomo.

"Imeandikishwa kwa jina langu, Mama. Ikiokotwa na mwizi akaenda kuulia watu, jina ni langu."

Suruali ya kijeshi aliivua huko huko chini na kuisukuma nje kwa mguu. Khavere aliipokea kwa ncha ya kijiti, akaitia ndani ya jiko la makaa, akafunga dirisha. Ilitoa moshi mweusi wenye harufu ya nywele zilizoungua, na wote wakakohoa mpaka machozi yakawatoka.

* * *

Maringo vyoo ni vya pamoja. Ukitaka kwenda, unavuka uwanja mbele ya milango ya watu wote, na watu wote wanajua umekwenda na umekaa kiasi gani. Nani angemwona Muasya akivuka uwanja ule asiulize?

Jumatatu asubuhi Khavere alichukua ndoo kuukuu aliyokuwa akiwekea maji ya kupiga deki, akaisukuma chini ya kitanda, akatoka nje na kusimama mlangoni akiangalia anga. Mirriam alijaribu kuinuka ili yeye ndiye aitoe, lakini mishono yake ilikuwa mibichi, miguu ikamkatalia. Khavere alifunika ndoo kwa kitambaa cha nepi, akavuka uwanja. Jirani mmoja alimsalimu. Akaitikia.

Aliporudi alikuta mkwe wake analia chini ya kitanda. Si kwa sauti; kitanda ndicho kilichokuwa kikitikisika.

"Mama," alisema, "afadhali wangeniua kambini."

"Nyamaza, Baba Ndinda," Khavere alisema. Ndinda lilikuwa jina la mtoto, jina la mama yake Muasya. "Nimelea watoto sita. Unafikiri hao walikuwa malaika?"

Chakula kilikuwa kichache. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Mengine yalikuwa yamevunjwa na kuporwa. Khavere alipika uji mwepesi, akamtangulizia Mirriam kwa sababu ya maziwa ya mtoto, kisha Muasya, kisha yeye akakwangua sufuria. Bakuli la Muasya alilisukuma chini ya kitanda uso ukiwa umeelekea ukutani. Hata katika shida, adabu ilikuwa na mipaka yake.

Makokha, mume wake, alirejea Jumanne. Alikuwa zamu kiwandani Industrial Area mambo yalipoharibika, na wafanyakazi walikuwa wamefungiwa humo kwa usalama wao. Aliingia akiwa hana viatu, magoti ya suruali yametoboka, viganja vimechubuka.

"Wanajeshi walitulaza Jogoo Road," alisema, akiketi. "Wakasema tuogelee. Kwenye lami. Mtu mzima kama mimi, Mama Mirriam, nimeogelea kwenye lami, na kijana wa rika la mwanangu anacheka." Akanusa. "Ni nini kimeungua humu?"

Walipomwambia, aliinuka, akafungua pazia kidogo, akachungulia, akalifunga. Akaketi tena. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea kumaliza maneno kwa kucheka, lakini siku hiyo hakucheka.

"Atoke," alisema.

"Aende wapi?"

"Akajisalimishe. Wanapita nyumba kwa nyumba. Leo wako mtaa wa Bahati. Wakimkuta hapa na hilo dude, watatuua sote, hata huyo mtoto."

"Akajisalimishe kwa nani? Kwa hao waliokuogelesha?"

Makokha alipiga meza. "Si wewe ndiye uliyekataa ndoa hii? Si wewe uliyesimama mbele ya wazee ukasema Marafiki hawaozi binti zao kwa watu wa bunduki?"

"Nilikataa," Khavere alisema. Marafiki lilikuwa kanisa lake tangu utotoni, na kanisa hilo halikupenda vita wala wapiganaji. "Na leo ningekataa tena. Lakini nimemwaga ndoo yake, Baba Mirriam. Mtu ambaye umemwaga ndoo yake huwezi kusema humjui."

Makokha aliangalia viganja vyake vilivyochubuka.

* * *

Jumatano adhuhuri mlango uligongwa. Alikuwa Teresiah, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama kutoka Murang'a aliyeuza mboga na aliyejua habari za mtaa mzima kabla wenye habari hawajazijua. Alikuwa ameshika fungu la sukuma wiki iliyoanza kunyauka.

"Hii ni ya mzazi," alisema. Kisha akaingia bila kukaribishwa, akarudisha mlango, akasema kwa sauti ya chini: "Mama Mirriam, vifungo vya shaba haviungui."

Khavere alimkazia macho.

"Nimevikuta kwenye majivu mliyomwaga. Nimevitupa chooni, kwa hivyo pumua." Teresiah alimshika mkono. "Unanitazama kama mchawi. Ningetaka kusema, si ningesema Jumapili? Moshi ule ulinitoa machozi hata mimi."

"Unataka nini?"

"Kuna mtu yuko kwangu. Ukikubali namleta. Usipokubali, anaenda nyumba nyingine, na hakujui."

Mtu huyo alikuwa padri. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, miwani mizito imefungwa kwa plasta kwenye kishikio cha sikioni, na chini ya kanzu nyeupe alivaa buti za jeshi. Kwenye mkono wa kanzu palikuwa na doa la kahawia lililokauka. Aliona Khavere akilitazama.

"Damu hii si yangu," alisema. "Ni ya kijana wa nchi kavu. Jumapili, pale getini. Alitaka maji, na maji hayakuwepo, nikamshika tu." Aliketi kwenye kigoda kama gunia linalotuliwa. "Naitwa Irungu, mama. Mimi ni padri wa kambi ya wanahewa. Jumapili na Jumatatu nimezika. Tangu jana natafuta walio hai."

Khavere alimwangalia zile buti. "Fatha, mimi si wa kanisa lenu, kwa hivyo nitakuuliza. Wewe ni mtu wa Mungu au ni mtu wa jeshi?"

"Hata mimi hujiuliza," padri alijibu. "Siku za kawaida sijui. Wiki hii nimejua kidogo. Yuko wapi?"

Macho ya Mirriam yaliteleza kuelekea kwenye pazia, na hilo lilitosha. Padri aliinuka. Mbele ya kitanda alivua miwani, akakunja kanzu, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, shavu chini, mpaka uso wake ukakabiliana na uso wa Muasya. Buti zake zilitokeza nje ya pazia. Wote waliokuwamo chumbani waliyasikia maneno yao.

"Muasya."

"Fatha."

"Umekonda."

"Fatha, wataniua."

"Sijui," padri alisema. "Sitakudanganya. Wapo waliofika vituoni salama, na wapo ambao hawakufika. Waliouawa wengi waliuawa wakikimbia, au wakikutwa chini ya vitanda kama hivi. Umepiga risasi?"

"Hata moja."

"Zote zimo?"

"Zote."

"Basi hilo gunia ndilo wakili wako. Ungelitupa, ungekuwa huna la kuonyesha." Akasogea karibu zaidi. "Nimeshafika kwenye kizuizi cha askari Jogoo Road leo asubuhi. Nimewaambia nitarudi na watu wangu kabla ya kafyu ya usiku, tukitembea katikati ya barabara, mikono juu. Wapo wengine wawili wananingoja kwa Mama Teresiah. Tutatembea pamoja. Bunduki nitaibeba mimi."

"Wewe, Fatha? Wakikuona na bunduki..."

"Wakiiona kwako watapiga bila kufikiri. Wakiiona kwa mtu aliyevaa kanzu watashangaa kwanza. Mimi natafuta ule mshangao tu. Siwezi kukuahidi zaidi ya hilo, mwanangu. Lakini chochote kitakachokupata, hakitakupata ukiwa peke yako."

Mirriam alikuwa amemkumbatia mtoto. Makokha, aliyekuwa ameketi muda wote, alisimama, akafungua sanduku lake, akatoa suruali ya kijivu na shati jeupe, nguo zake za kwendea kanisani. Akazipitisha juu ya pazia.

"Vaa hizi," alisema. "Usiende mbele ya watu kama mwizi wa kuku."

* * *

Mirriam hakuweza kutembea, na Makokha alikuwa tayari ameshaonja lami. Khavere alijifunga leso kiunoni.

"Unaenda wapi?" mumewe alimuuliza.

"Kuona. Mtoto huyu akikua akaniuliza baba yake alipelekwa vipi, sitamwambia niliambiwa."

Padri alitembea mbele. Alikuwa ameitoa bunduki ndani ya gunia, ameitenga na kisanduku cha risasi, na vyote viwili ameviweka juu ya viganja vyake vilivyofunguka mbele ya kifua, kama mtu anayempeleka mtoto kubatizwa. Nyuma yake walifuatana wale wanahewa wawili, kisha Muasya ndani ya suruali iliyomfikia juu ya vifundo, mikono yote juu. Khavere aliwafuata kwa nyuma, naye mikono juu. Katika milango ya Maringo watu walisimama kimya. Mzee mmoja alivua kofia.

Jogoo Road ilikuwa tupu kama siku ya Krismasi, ila vioo vilivyovunjika na kiatu kimoja kimoja hapa na pale. Lori la kijeshi lilikuwa limekingama barabara. Walipofika karibu, bunduki zikainuka, na sauti nyingi zikapiga kelele kwa pamoja.

"Simama! Tupa silaha! Tupa chini!"

"Siitupi!" padri alijibu kwa nguvu, na Khavere alishangaa sauti ile ilitoka wapi katika mwili ule. "Nikiitupa italia, nanyi mtatuua kwa bahati mbaya. Nitapiga magoti niilaze."

Akapiga magoti katikati ya barabara, polepole, goti moja, kisha la pili, akailaza bunduki juu ya lami na kisanduku cha risasi kando yake.

Sajini mmoja mrefu alikuja. "Wewe ndiye wa asubuhi."

"Ndimi. Kapteni Irungu, padri wa kambi. Nimewaleta."

"Waasi."

"Hiyo mahakama itasema. Mimi nakuomba jambo moja, Sajini. Zihesabu hizo risasi hapa hapa, mbele ya watu hawa, na mbele ya huyu mama. Sema kwa sauti kama imepungua hata moja."

Sajini alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua kati ya hasira na kazi. Kisha akachuchumaa, akazitoa risasi moja moja, akazipanga juu ya lami. Khavere alihesabu kimoyomoyo akapotea njiani, akaanza tena, akapotea tena.

"Zimetimia," Sajini alisema hatimaye. Akaliandika jina la Muasya.

Wakati wale watatu wakisukumwa kuelekea kwenye lori, askari mmoja kijana, mwembamba, macho mekundu, alimrukia Muasya na kuinua kitako cha bunduki. Khavere alipiga ukelele. Padri hakuwa mwepesi wa miguu, lakini alikuwa karibu. Aliingia katikati kwa bega. Pigo likamwangukia yeye, miwani ikaruka, naye akaenda chini kwa goti moja.

Askari yule alibaki ameshika bunduki yake kama aliyeokota kitu kisicho chake.

Padri aliinuka, mkono begani. Hakumtazama Sajini wala lori. Alimkaribia yule kijana mpaka wakawa uso kwa uso, kwa sababu bila miwani hakuwa anaona mbali.

"Ulifiwa na nani?" aliuliza.

"Mimi si wa kanisa lako."

"Sikukuuliza kanisa."

Midomo ya kijana ilicheza. "Rafiki yangu. Tulitoka Garissa pamoja. Watu wako walimuua Jumapili pale kambini."

"Anaitwa nani?"

"Dirie."

"Dirie," padri alirudia. "Mrefu, ana pengo hapa mbele?"

Kijana alitoa macho.

"Hakufa peke yake," padri alisema, akanyoosha mkono wake wenye lile doa. "Nilimshika. Alitaja Mungu kwa namna yenu, nami sikumkataza. Alimtaja mama yake."

Askari yule aliteremsha bunduki. Aligeuka akaenda kusimama nyuma ya lori, mgongo umewaelekea watu, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka. Sajini alijifanya hakuona.

"Fatha, umemaliza," Sajini alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Hawa ni wetu sasa. Rudi nyumbani kabla ya kafyu."

"Mimi ni padri wao," Irungu alijibu. "Wakienda, naenda."

"Jina lako halimo kwenye orodha."

"Niweke."

"Sikukamati!"

"Sijasema unikamate. Nasema unisaidie kupanda, bega hili limekufa."

Askari walitazamana. Mwishowe Sajini mwenyewe ndiye aliyemshika kiunoni na kumsukuma juu, huku akinong'ona maneno ambayo hayasemwi mbele ya mapadri. Khavere alikuwa ameiokota miwani. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Alisogea hadi kwenye lori, akainyoosha, na padri akaipapasa akaipata. Kando yake aliketi Muasya, mikono nyuma ya kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu posa, Khavere alimtazama mkwe wake usoni, wala hakugeuza macho.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Mkeo na mtoto wapo kwangu."

"Mama," padri aliita lori lilipoanza kunguruma, "mwambie Mama Teresiah Jumapili hii wasali rozari tu. Padri ana safari."

* * *

Padri Irungu alikaa na wale vijana kizuizini mpaka wakubwa walipochoka kumwona na kumtoa kwa amri. Akawa anarudi kila walipomruhusu na mara nyingine walipomkataza, akibeba sabuni na sigara kwenda, na habari kurudi. Hakuandika kitu, habari zote alizichukua kichwani. "Muasya anasema mtoto akipata surua asiogeshwe." "Muasya anasema ile redio ya baba mkwe imekatika waya nyuma, isipelekwe kwa fundi, atalaghaiwa." Makokha alilicheka hilo siku nzima, na aliposita kucheka alikwenda nje akapenga kamasi.

Mateso yalikuwapo, na Muasya hakuyasimulia hata baadaye. Lakini alihojiwa akiwa na jina, na kando ya jina lake yalikuwapo maneno ya Sajini kwamba risasi zilitimia. Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokaribia, aliachiliwa pamoja na wengi wengine. Kazi haikuwepo tena. Hata Jeshi la Wanahewa lenyewe lilikuwa limevunjwa. Alifungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Burma, na kwa kuwa watu walisema huyu ni fundi wa redio za ndege, hakukosa wateja.

Ikabaki ile aibu ya ukweni, na aibu kama hiyo haiishi kwa kunyamaziwa. Wazee wa Muasya walikuja kutoka Machakos na mbuzi, na blanketi la mama mkwe, wakaketi na Makokha na wazee wa Kimaragoli katika chumba kile kile. Walizunguka maneno kwa heshima kubwa. Mzee wa Kikamba alisema mwana wao aliingia mahali pasipoingiwa, wakati usiokuwa wa kawaida, na wao wameona uchungu.

Khavere alikuwa ameketi nyuma ya pazia kama desturi inavyotaka. Alisikiliza mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Samahani, wazee," alisema. "Huyo mbuzi ni wa kitanda au ni wa ndoo?"

Wazee walitazamana. Kisha mzee wa Kikamba akaangua kicheko, akafuata Makokha, na mwishowe wazee wote walikuwa wakijifuta machozi. Mbuzi akachinjwa siku hiyo hiyo, na Muasya akaruhusiwa kuanzia hapo kula mezani kwa mama mkwe wake kama mwana wa nyumba. Kuna waliosema huko kwao kwamba Nairobi imeharibu mila. Khavere aliwajibu kwamba mila ilikuwapo siku ile ya risasi, ila ilikuwa imejibana ukutani kuwapisha watu.

Padri Irungu alialikwa. Alifika amechelewa, kwa miguu, vumbi mpaka kiunoni. Sasa hakuwa tena na kambi wala cheo. Alikuwa amepewa watu wa vibanda vipya huko mwisho wa mji, na kanisa lake lilikuwa nguzo nne na bati la kuazima. Teresiah alimkaripia kwa kukonda. Ugali ulikuwa tayari, nyama ya mbuzi, mchuzi, na mrenda, mboga yenye utelezi ambayo Muasya hakuwahi kuizoea. Makokha akamwomba padri abariki chakula.

"Kila siku naongea mimi," padri alisema. "Leo aombe mama wa nyumba."

Khavere aliona haya. "Fatha, sisi Marafiki hatuna maneno mazuri kama yenu. Sisi huanza kwa kunyamaza."

"Basi tunyamaze."

Wakainamisha vichwa. Nje watoto wa Maringo walikuwa wakicheza mpira wa karatasi, mtu akipigilia msumari, redio ya jirani ikitangaza matokeo ya mechi. Khavere alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu, na aliyapanga, lakini yalipokuwa tayari aliona hayahitajiki, akayaacha. Alikaa tu. Hakujua kama alikaa muda mrefu. Sauti nyembamba ndiyo iliyomfanya afumbue macho.

Padri Irungu alikuwa amelala. Kichwa kimeinama begani, miwani imeteremka puani, mikono imefunguka juu ya magoti. Alikuwa akikoroma taratibu, kwa utulivu mkubwa. Ndinda, aliyekuwa ameanza kutambaa, alikuwa amefika miguuni pake na anavuta uzi wa kiatu.

Mirriam alifunika mdomo. Makokha alinyoosha mkono amwamshe.

"Mwache," Khavere alisema.

Alimwondoa mtoto polepole, akachukua sahani ya padri, akaijaza nyama zile nzuri, akaifunika kwa sahani nyingine ili isipoe. Kisha akawaashiria wengine kwa mkono waanze kula, na wakala wakinong'ona.